Kwenda Kilimanjaro Desemba na watoto: Njia ipi, saa ngapi, mapumziko wapi?

Kila Desemba simu kutoka kihambani huwa na maswali mawili. La kwanza ni, "Mnakuja lini?" Hilo halina shida. La pili huanza siku yenyewe ya safari, gari likiwa limeshaacha Dar es Salaam: "Mmefika wapi?" Babu anauliza, baba mkubwa anauliza, shangazi aliyeweka mtori jikoni naye anauliza. Kila simu inayoingia, mguu wa dereva unazidi kukandamiza mafuta.

Safari ya Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560. Kwa familia nyingi zenye asili ya Kilimanjaro ndiyo safari ndefu kuliko zote za mwaka, na hufanywa na watu wa rika zote ndani ya gari moja: mtoto anayenyonya, mwanafunzi aliyefunga shule, mjamzito, bibi mwenye shinikizo la damu. Hata hivyo mipango yake mara nyingi huishia kwenye mafuta ya gari na zawadi za nyumbani. Njia ya kupita, saa ya kuondoka na mahali pa kupumzika huachwa vijiamulie vyenyewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mzazi anayehangaikia chanjo, vyandarua na maji safi ana sababu ileile ya kukaa chini na kupanga safari hii kama jambo la afya ya familia.

Chukua mfano wa familia moja ya Tegeta, ya aina inayopatikana katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Wako sita kwenye Noah. Baba ndiye dereva pekee. Mama ananyonyesha mtoto wa miezi kumi. Kuna binti wa miaka tisa anayetapika garini, na mdogo wake wa miaka mitano mwenye selimundu. Wa sita ni bibi, aliyekuja mjini kwa kliniki na sasa anarudishwa Marangu kula Krismasi na babu. Baba anataka waondoke saa tatu usiku akitoka kazini ili wakwepe foleni. Mama hataki. Nani yuko sahihi?

Njia tatu za kutoka Dar

Njia iliyozoeleka ni ya Morogoro: Kimara, Kibaha, Mlandizi hadi Chalinze, kisha kukata kulia kuelekea Lugoba, Msata, Wami na Segera. Upanuzi wa barabara kati ya Kimara na Kibaha umepunguza mateso ya foleni. Lakini kuanzia Kibaha hadi Chalinze gari dogo linabanana na malori yanayotoka bandarini kwenda Morogoro, Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Hapo ndipo dereva mwenye haraka huanza kuyapita malori mawili matatu kwa mpigo.

Njia ya pili ni ya Bagamoyo: Tegeta, Bunju, Mapinga, Bagamoyo, kisha barabara ya lami ya kilomita 64 hadi Msata. Hapo unaingia kwenye barabara ileile inayotoka Chalinze. Urefu wake haupishani sana na njia ya kwanza, lakini kipande chote cha malori kati ya Kibaha na Chalinze unakikwepa. Kwa anayeishi Tegeta, Bunju, Mbezi Beach au Kawe, kurudi Ubungo ili apite Kimara ni kujiongezea kazi. Anayeishi Mbezi Luis, Kibamba au Kiluvya hana sababu ya kuzunguka Bagamoyo. Abaki na Morogoro, ila aondoke mapema.

Njia ya tatu ni ndefu zaidi: Morogoro, Dodoma, Kondoa, Babati, Makuyuni, Arusha hadi Moshi. Kutoka Dar inakaribia kilomita 950, hivyo si njia ya siku moja kwa familia yenye watoto. Ina maana kwa wanaoanzia Dodoma au wenye ndugu wa kulala kwao hapo. Zamani kipande cha Dodoma hadi Babati kilikuwa cha vumbi na mashimo. Tangu lami yake izinduliwe mwaka 2018, familia za Dodoma hazilazimiki tena kurudi Chalinze ili kwenda Moshi. Watoto wakubwa wanaweza hata kusimamishwa Kolo, Kondoa, waone michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Wanaotoka Mwanza na Shinyanga nao hukutana na njia hiyo Babati, wakipitia Nzega, Igunga na Singida. Wapo wanaovutiwa na mkato wa Serengeti. Wakumbuke kwamba huko kuna ada za hifadhi, barabara ya vumbi, na malango yanayofungwa saa kumi na mbili jioni. Mtoto akiugua katikati ya mbuga, msaada uko mbali.

Kwa familia ya Tegeta hesabu ni fupi: Bagamoyo, Msata, Segera, Korogwe, Same, Himo, Marangu. Kinachobaki ni saa.

Usiku si mkato

Mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kwa miaka mingi, na ruhusa ya kutembea saa 24 ilirudi mwaka 2023. Ruhusa hiyo imewafanya baadhi ya wenye magari binafsi waone safari ya usiku ni jambo la kawaida. Lakini basi liko chini ya LATRA, mwendo wake unafuatiliwa kwa mtambo, na safari inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili. Noah ya familia ina baba mmoja, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na kushinda kazini.

Watafiti wa usingizi wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliyekunywa pombe kufikia kiwango cha asilimia 0.05 kwenye damu. Baba huyo, akiondoka saa tatu usiku, atakuwa amekaa macho saa 16 kabla hajawasha gari. Akifika Msata yuko kwenye hali ya mlevi, ingawa hajaonja hata tone la mbege. Mwili wenyewe nao una saa zake za kuzama: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na kidogo tena kati ya saa nane na saa kumi mchana.

Barabara hii ina kumbukumbu zake. Februari 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori la Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa imebeba mwili wa marehemu na waombolezaji wakitoka Dar es Salaam kwenda Moshi. Ilikuwa usiku. Taarifa za mwanzo zilitaja vifo 17, wengi wao ndugu wa familia moja waliokuwa wakienda kuzika. Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster ziligongana na kushika moto. Taarifa ya Ikulu ilitaja vifo 38, na maelezo ya awali yalisema tairi la basi lilipasuka.

Ajali hizo mbili zina mafunzo tofauti. Ya kwanza inahusu giza na gari linalotoka mbele. Ya pili inahusu tairi. Familia haiwezi kumdhibiti dereva wa lori, lakini saa ya kuondoka na hali ya matairi viko mikononi mwake.

Kwa hiyo mama yuko sahihi. Ila foleni anayoiogopa baba nayo ni ya kweli, na jibu lake ni kulala mapema na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Giza litakuwa la saa moja tu, tena katika barabara ya mjini yenye taa na inayofahamika.

Ratiba ya mchana mmoja

Saa kumi na moja alfajiri, watoto wanabebwa na nguo za kulalia hadi garini. Baba amelala tangu saa mbili usiku. Mizigo ilipangwa jana.

Saa moja na nusu asubuhi, Msata. Kusimama kwa kwanza, dakika ishirini. Kila mtu anashuka, hata asiye na haja. Mtoto ananyonya hapa, gari likiwa limesimama. Kumnyonyesha gari likitembea maana yake ni kumtoa kwenye kiti chake, na mikono ya mama haiwezi kumshika gari likifunga breki za ghafla, hata angekuwa na nguvu kiasi gani.

Mbele ya Msata kuna Mto Wami. Wazazi waliokulia barabara hii wanalikumbuka daraja la zamani, jembamba, la gari moja kupita kwa zamu, lenye mteremko mkali pande zote. Daraja jipya limeondoa hofu hiyo, lakini mwendo wa magari umeongezeka. Kutoka hapo hadi Mkata, Kabuku na Segera, vijiji vimeshika barabara pande zote mbili. Kibao cha kilomita 50 kwa saa kinawalinda watoto wa vijiji hivyo, ambao nao wamefunga shule na wako nje wakicheza. Trafiki awepo au asiwepo, watoto wapo.

Saa nne na robo, Korogwe. Hapa ndipo pa kupumzika kwa muda mrefu, dakika arobaini na tano. Chakula ni mapema kidogo, lakini kabla ya Same hakuna mji wenye huduma nyingi kama huu. Dereva ale kidogo. Wali mwingi na nyama choma saa hiyo humletea usingizi palepale barabara inaponyooka.

Kutoka Korogwe hadi Same ni kilomita 172: mashamba ya mkonge, Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, milima ya Usambara na kisha ya Upare ikiwa kulia. Ni nyika yenye joto, lami iliyonyooka na upepo wa ubavuni. Macho yanachoka kwa kuona kitu kilekile. Hapa familia isimame tena hata dakika kumi, Mkomazi au Hedaru, dereva anawe uso na kutembea.

Saa nane kasorobo mchana, Same. Dakika ishirini na tano nyingine. Kama baba amepiga miayo mara mbili tatu au hakumbuki kijiji alichokipita, alaze kiti na kulala dakika kumi na tano hadi ishirini kivulini, mama akiwa macho na watoto. Muziki wa juu na dirisha wazi havimwamshi mtu aliyechoka. Humpa tu imani kwamba yuko macho.

Saa tisa na nusu, Himo. Saa kumi jioni, Marangu. Babu anawakuta bado kuna mwanga, na kuna muda wa kuoga kabla ya ibada ya mkesha.

Familia isiyoweza kuondoka alfajiri, au yenye mjamzito wa miezi ya mwisho, mtoto mchanga au mzee dhaifu, igawe safari siku mbili. Korogwe iko karibu nusu ya njia na nyumba za wageni zipo. Wengine hushawishika kupanda Lushoto kulala kwenye baridi. Ni pazuri, lakini ile barabara ya kona kutoka Mombo ni adhabu kwa mtoto anayetapika, na kesho yake lazima aiteremke tena. Tanga nayo inahitaji kuiacha barabara kuu Segera, hivyo iwekwe kwenye mpango kama mapumziko kamili ya siku moja, si mahali pa kulala tu.

Nani akae wapi garini

WHO inaeleza kwamba mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa viti vya mbele kwa hadi nusu, na kwamba viti maalumu vya watoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Katika magari mengi ya familia mikanda ya nyuma imezama chini ya vitambaa vya viti. Itolewe na ijaribiwe siku tatu kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka.

Mtoto wa miezi kumi akae kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, kilichofungwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kisifungwe mbele penye mfuko wa hewa. Wa miaka mitano anahitaji kiti cha mtoto au kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Wa miaka tisa avae mkanda, na abaki nyuma. Bibi akae mahali ambapo anaweza kushuka bila kuruka mizigo. Mjamzito apitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya mapaja, na wa juu katikati ya matiti. Mkanda haumdhuru mtoto tumboni. Kutokuvaa ndiko kunakomhatarisha.

Mkungu wa ndizi, ndoo ya mafuta na begi gumu visiwekwe nyuma ya vichwa vya watoto. Gari likisimama ghafla, vitu hivyo haviachi kwenda.

Anayetapika, anayelia, anayeumwa

Kichefuchefu cha safari huwasumbua zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Kinatokea kwa sababu sikio la ndani linasema mwili unatembea huku macho yakitazama kitu kilichotulia, kama simu. Hivyo dawa ya kwanza ni kuondoa simu. Mtoto akae safu ya katikati ambako anaona barabara mbele, dirisha lifunguliwe kidogo, ale biskuti kavu au mkate badala ya chipsi na mayai ya kukaanga. Binti wa Tegeta anaweza kufika salama hadi Himo kisha akatapika kwenye kona za kupanda Marangu. Wasimame Himo, apumue, kisha wapande polepole.

Baadhi ya wazazi huwapa watoto dawa ya maji ya mafua ili walale njia nzima. Tabia hiyo iachwe. Dawa za aina hiyo zenye kuleta usingizi, zikiwamo za promethazine, zinaweza kuzuia pumzi ya mtoto, na kwa walio chini ya miaka miwili zimewahi kuua. Mtoto anayelala kupita kiasi garini hawezi pia kusema kwamba ana joto, ana kiu au anaumwa. Kama kichefuchefu ni kikali, daktari au mfamasia aulizwe kabla ya safari.

Kwa mtoto mwenye selimundu, safari hii ina mitego miwili: kiu na baridi. Nyika ya Same inamkausha maji, kisha saa mbili baadaye anashushwa kwenye ubaridi wa mlimani. Vyote viwili huweza kuamsha maumivu makali. Anywe maji kidogo kidogo njia nzima, hata kama itabidi kusimama kila mara kwa haja ndogo. Dar iko usawa wa bahari, Moshi mjini ni kama mita 900, na lango la hifadhi Marangu ni kama mita 1,860. Sweta, soksi na kofia yake vikae kwenye begi la mkononi na avalishwe Himo, kabla baridi haijamfikia. Dawa zake za kila siku zisiachwe kwa sababu ni sikukuu.

Bibi naye ana siri yake. Wazee wengi wakisafiri hawanywi maji, na wenye vidonge vya shinikizo la damu vinavyokojoza huviruka siku hiyo ili wasisumbue gari. Matokeo yake ni kizunguzungu, au shinikizo kupanda wakifika. Amweleze daktari wake mapema namna ya kupanga saa za dawa, na familia imwambie waziwazi kwamba kusimama kwa ajili yake si usumbufu. Kila baada ya saa mbili atembee kidogo. Kukaa bila kusogeza miguu kwa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni, hasa kwa wazee na wajawazito.

Begi la afya likae mbele, si kwenye buti: dawa za kila mmoja za kutosha siku zote za likizo, kipimajoto, paracetamol ya maji, pakiti za ORS, sabuni, mifuko ya kutapikia, pampasi, maji ya kunywa, kadi za bima na kadi za kliniki.

Hospitali ziko wapi

Mzazi aijue barabara kwa hospitali zake kama anavyoijua kwa sehemu za kula. Njia ya Morogoro ina Tumbi pale Kibaha na Msoga baada ya Chalinze. Njia ya Bagamoyo ina hospitali ya wilaya palepale mjini. Korogwe kuna Magunga. Same na Mwanga kuna hospitali za wilaya. Moshi mjini zipo Mawenzi, ya mkoa, na KCMC, ya rufaa ya kanda. Mlimani kuna Marangu, Kilema, Kibosho, Machame, na Huruma kwa upande wa Rombo. Namba 112 ni ya dharura, na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Ziandikwe kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huishiwa chaji.

Mtoto akipata homa baada ya kufika, isichukuliwe kuwa ni baridi ya mlima tu. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa, hivyo iliyopatikana Dar au kwenye nyumba ya wageni njiani inaweza kujitokeza Marangu wiki ya pili. Mhudumu aambiwe familia imetoka wapi na imelala wapi, na mtoto apimwe.

Basi na treni

Wasio na gari nao wana uchaguzi. Anayesafiri na basi kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, akate tiketi ya mchana mapema, kila mtoto mkubwa awe na kiti chake, na asikubali kukalishwa kwenye kigoda katikati ya njia eti kwa sababu ni Desemba. Dereva akikimbiza gari, abiria wana haki ya kusema, na kupiga simu kwa trafiki au LATRA. Kunyamaza kwa adabu hakujamwokoa mtu.

Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni ya polepole, lakini ina choo, watoto wanatembea, na hakuna baba anayesinzia kwenye usukani. Haisafiri kila siku na ratiba hubadilika, hivyo TRC waulizwe kabla ya kuahidi watoto.

Kilomita za mwisho

Watu wengi hupumua wakiona kibao cha Himo. Hapo njia zinagawanyika: wa Marangu na Rombo wanakata kulia kupanda, wa Uru, Kibosho na Old Moshi wanaendelea mjini kwanza, na wa Machame wanapita Moshi kuelekea Arusha kabla ya kupanda. Lami ikiisha inabaki njia ya kihambani, na mvua za vuli huifanya iteleze kama sabuni. Dereva aliyechoka asijaribu kupanda giza limeingia na gari limejaa watu. Watoto washuke watembee na baba mkubwa aliyekuja kuwapokea, gari lipande jepesi. Siku ya kushuka, gia ndogo ndiyo ishike gari, si breki peke yake.

Bodaboda aliyebeba watoto wawili, mama na begi ili kumalizia mlima ni picha ya kila Desemba. Baada ya kuwa makini kwa kilomita 560, si busara kuicheza bahati kwenye mbili za mwisho.

Na ile simu? Familia ya Tegeta inaweza kuimaliza kabla ya safari. Jioni ya kuamkia kuondoka, baba ampigie babu amwambie waziwazi: wataondoka alfajiri, watafika saa kumi jioni, na simu yake itakuwa kwa mama. Mama ndiye atakayetuma ujumbe wa maneno matatu wakiwa Msata, Korogwe, Same na Himo. Wakichelewa, wamechelewa. Mtori unapashwa moto.

Babu ataridhika. Anachotaka hasa ni kuwahesabu sita wakishuka garini.